Kofia Ambayo Hakuna Aliyeivua

Mdogo wangu anavaa kofia tangu akiwa na miaka tisa. Zimepita nyingi, baraghashia nyeupe za kushonwa kwa mkono ambazo Baba alikuwa akimnunulia Ujiji kila Idi, na sasa anajinunulia mwenyewe. Huivua akienda kuoga na akienda kulala. Hapa Kigoma kijana mwenye kofia hamshangazi mtu. Ndiyo maana ilipita miezi kumi na sita ya kuumwa, na sehemu nne za kutibiwa, kabla hajatokea mtu wa kumwambia, "Naomba uvue kofia nikuangalie kichwa."

Nimemwomba ruhusa ya kuandika. Akasema andika, ila jina langu liache. Basi humu yeye ni mdogo wangu tu, na Mama ni Mama.

Anafanya kazi Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa. Ziwani haendi; anatengeneza taa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, wakifuata mwanga, na zama za karabai zimepisha taa za betri na za sola. Mwezi ukikua, mitumbwi inavutwa ufukweni, wavuvi wanalala, wanashona nyavu, na taa zote mbovu zinaletwa kwake. Siku za mbalamwezi ndizo siku zake za pesa.

Ilikuwa siku kama hizo, Novemba 2023. Baadaye alinisimulia kwamba aliona vimulimuli upande wa kulia, mistari iliyovunjikavunjika inayowaka na kuzima, akadhani ni taa aliyoshika, waya umelegea. Akaiweka chini. Vimulimuli vikaendelea. Kisha kichwa kikaanza kumpasuka upande wa kushoto, na chuma cha kulehemu kikamponyoka mkono wa kulia, kikaunguza meza. Wenzake walimleta nyumbani na bodaboda, mmoja akiwa amemshika kwa nyuma asianguke.

Nilipotoka shuleni nilimkuta amekaa mkekani. Nikamuuliza, unaumwa nini? Akaniangalia kwa macho ya mtu anayejua anachotaka kusema. Akasema, "Taa."

Nikampa maji. "Taa." Mama akamshika mkono, akamwita. "Taa, taa." Kila kitu kilikuwa taa. Alipoona hatumwelewi alikasirika, akalia, halafu maneno yakaanza kutoka mengi kwa pamoja, mengine ya Kiswahili yaliyokatwa katikati, mengine si ya lugha yoyote. Sauti ilikuwa yake ile ile, inapanda na kushuka kama mtu anayeeleza jambo refu.

Jirani aliyesimama mlangoni alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo si lugha ya watu. Simlaumu. Ukimsikia mtu unayemfahamu akinena hivyo saa moja usiku, huku taa ya chumbani inacheza, moyo wako utakimbilia pale ulipozoea kukimbilia. Mashehe wawili wa mtaani walikuja, wakasoma, wakaacha kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anywe asubuhi na jioni. Alikunywa. Kule tulikompeleka kwanza alitobolewa kidole, akapimwa presha, tukarudi na dawa za taifodi. Siku ya tisa aliamka akaomba chai, akasema "chai." Mama alisujudu pale pale jikoni.

Mara ya pili ilikuwa Juni 2024, nayo ilikuja wakati mbaya. Mwaka ule ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, nchi zote nne za Ziwa Tanganyika kwa pamoja. Sikatai kwamba samaki walikuwa wanapungua. Lakini kwa nyumba inayokula kwa taa za wavuvi, ile ilikuwa miezi mitatu ya giza lisilo na kazi. Alipoanguka, hatukuwa na akiba.

Safari hii ilichukua wiki tatu. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukaburuta, na akawa anagonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango kila anapotoka. Nilidhani ni udhaifu wa mguu. Kilichonifumbua macho ni sahani. Mama alimpikia ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, kitu anachokipenda kuliko vyote. Alikula ugali uliokuwa kushoto kwa sahani, akamaliza, akanawa. Mgebuka mzima ukabaki kulia. Nilipoizungusha sahani alishtuka, akamwangalia yule samaki kama ametoka chini ya meza, akaanza kula. Alikuwa hamwoni. Macho yake yalikuwa mazima, lakini nusu nzima ya dunia, upande wa kulia, ilikuwa imefutika.

Sehemu moja walisema ni kiharusi, kisha wakasita, maana alikuwa na miaka ishirini na mmoja na presha yake ilikuwa ya kawaida. Sehemu nyingine, tulipoeleza kwamba vidole vilichezacheza usiku mmoja, walisema kifafa, akaanzishiwa vidonge. Tuliambiwa twende tukampige picha ya kichwa. Pesa haikuwepo. Kote huko alikaa kwenye benchi na kofia yake, akapimwa na kofia yake, akarudi nyumbani na kofia yake.

Na sisi tulikuwa tumekaa kando yake, tunajua kilichomo chini ya ile kofia, na hatukusema.

Mwaka 2011, alipokuwa na miaka minane, mdogo wangu alianza kutapika asubuhi kabla hajala kitu. Kufika saa nne yuko sawa, anacheza. Walimpa dawa za minyoo, wakampa za malaria. Baadaye akaanza kuyumba. Watoto walimwita mlevi, na mimi nilicheka pamoja nao mara moja. Siku aliyoanguka kwenye ngazi tatu za nyumba yetu, ngazi alizozipanda maisha yake yote, Baba aliuza injini ya mtumbwi.

Mama alisafiri naye kwa treni ya reli ya kati, Kigoma mpaka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 1,250. Anasema njia nzima mtoto alilalia mapaja yake kifudifudi, kwa sababu akilala chali kichwa kinazidi kuuma. Kule walikuta uvimbe kwenye ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaoshika mizani ya mwili. Jina lake ni meduloblastoma, na katika saratani za ubongo za utotoni ni moja ya zile zinazoonekana sana. Akapasuliwa.

Alipozinduka alikuwa bubu. Siku mbili tatu za kwanza alisema maneno machache, kisha kimya kikashuka, kikakaa wiki tano. Hakuwa amepooza koo, alikuwa anasikia, analia bila sauti. Siku hizi najua kwamba jambo hili linafahamika, kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne wanaopasuliwa uvimbe wa aina hiyo hupitia kimya cha namna hiyo, na wengi wao hurudi kusema. Mama hakulijua. Alikaa wiki tano anamwimbia mtoto asiyejibu. Neno la kwanza lilipotoka lilikuwa "maji", na Mama anasema mpaka leo akisikia mtu anaomba maji, mwili unamsisimka.

Baada ya hapo ikawa mionzi, pale Ocean Road, hospitali ya saratani. Shule zilipofungwa Desemba nilipelekwa Dar kumsaidia Mama, nikaiona mwenyewe. Walimtengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu, cha sura yake yeye, kikabanwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Watu wote hutoka, mlango unafungwa, mtoto anabaki peke yake na mashine. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Mama alisimama nje ya mlango akihesabu kwa tasbihi. Kisha zikaja dripu za dawa za saratani, mwaka mzima wa kwenda na kurudi. Vidole vya miguu vilikufa ganzi mpaka ndara zikawa zinamtoka njiani bila yeye kujua, anaendelea kutembea na mguu mmoja mtupu.

Akapona. Nataka niliandike neno hili kwa uzito wake. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mtoto wa mvuvi wa Kigoma alipona. Kila nitakachosema kuhusu mionzi kisieleweke vingine: bila ile mionzi, leo ningekuwa naandika juu ya kaburi.

Alirudi na kovu kutoka kisogoni mpaka karibu na shingo, na pembeni mwa kovu nywele hazikuota tena. Watoto wakamwita Kipara. Baba akaenda Ujiji, akarudi na kofia.

Mama naye akarudi na sheria. Ugonjwa ule usitajwe. Hakusema ni siri. Alisema umeisha, na kitu kilichoisha hakiitwi. "Ukiuita unadhani unaitwa," alituambia. Bahasha ya karatasi za hospitali aliiweka kwenye sanduku la bati chini ya khanga zake. Tulikua tukijua kwamba nyumba hii ina neno moja ambalo halitamkwi. Baba alifariki bila kulitamka tena.

Kuna methali ambayo watu wameniambia nikiwasimulia habari hii: mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini kwa Mama naiona kali mno. Aliyekaa wiki tano mbele ya mtoto bubu ana haki ya kuogopa neno. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda na maji yakaingia nyumba za chini, ya kwetu ikiwemo, Mama alilitoa lile sanduku kwanza, akalipandisha juu ya kitanda, ndipo akarudia redio na godoro. Alijua lina thamani. Hakujua litahitajika kwa ajili gani.

Machi 2025 ilikuja mara ya tatu. Vimulimuli, kichwa, mkono, "taa". Tulimpeleka hospitali na tukapokelewa na daktari kijana, msichana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, ambaye kwa umri anaweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alimsalimia Mama shikamoo, akakaa, akasoma daftari letu lililochakaa. Taifodi. Kiharusi, na alama ya kuuliza mbele yake. Kifafa. Akaliweka chini. Akasimama, akaenda nyuma ya mdogo wangu.

"Kaka, naomba uvue kofia nikuangalie kichwa."

Mdogo wangu alimtazama Mama. Mama alitazama sakafu. Ilikuwa kimya kirefu, na ndani yake nilisikia feni ikizunguka. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaivua.

Daktari alipitisha kidole juu ya kovu taratibu, toka juu mpaka chini.

"Mama, hapa palifanywa nini?"

"Ni ya zamani hiyo, mwanangu."

"Zamani lini?"

"Alikuwa mtoto. Iliisha."

"Mama, aliwahi kuchomwa mionzi kichwani?"

Mama alianza kulia, na nikamjibia mimi. Ndiyo. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Daktari hakugomba. Alivuta kiti akakaa karibu na Mama, goti kwa goti, akamwambia, "Karatasi zake zipo? Hata moja?"

Jioni ile Mama alifungua sanduku. Karatasi zilikuwa zimekuwa rangi ya chai lakini zinasomeka zote: jina la uvimbe, tarehe ya upasuaji, majina ya dripu, vinkristini na sisplatini, na mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono, kwamba kichwa chote na uti wa mgongo vilipata grei 36, kisogoni ikaongezwa mpaka 54, kwa mara 30. Grei ndicho kipimo cha mionzi. Miezi kumi na sita tulikuwa tukizunguka na mgonjwa, na huo mstari umelala chini ya khanga.

Safari ya Mwanza kufuata kipimo cha MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, tulichangiwa na watu wa mwalo. Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Geita, tukavuka kwa kivuko kutoka Busisi kwenda Kigongo, huku daraja jipya la kilomita tatu limesimama pembeni linasubiri kufunguliwa. Lilifunguliwa Juni mwaka huo huo. Daktari wa Kigoma alikuwa ametusisitizia twende wakati hali bado haijatulia. Nilidhani ni haraka tu ya ujana wake. Kumbe shambulio la namna hii likipita, picha huweza kurudi safi, na mgonjwa akabaki na hadithi isiyo na ushahidi.

Picha ilionyesha mikunjo ya ubongo upande wa kushoto imevimba, na baada ya dawa ya kung'arisha kuchomwa mshipani, imewaka kama utepe. Daktari bingwa aliiangalia muda mrefu, na bahasha ya Mama ikiwa wazi mbele yake. Alisema, "Bila karatasi hizi ningeogopa kwamba uvimbe umerudi, na pengine ningemshauri apasuliwe tena."

Alituambia kuna hali inayoitwa kwa kifupi SMART, yaani mashambulizi ya kipandauso yanayofanana na kiharusi, yanayotokea baada ya tiba ya mionzi. Mwaka 1995 madaktari waliandika juu ya watoto waliotibiwa uvimbe wa ubongo kisha wakapata vipindi vya aina hii, na jina lenyewe likaja mwaka 2006. Huja miaka mingi baada ya mionzi, kumi, ishirini, hata zaidi, wakati mtu na jamaa zake wameshasahau. Vimulimuli, kichwa kuuma upande mmoja, mkono kulegea, maneno kupotea, nusu ya uwanja wa macho kufutika, wakati mwingine degedege. Kwa wengi hutulia ndani ya siku au wiki chache. Kwa baadhi hubaki kilema. Hakuna dawa moja ambayo madaktari wote wamekubaliana. Hutumia za kutuliza kuvimba kwa ubongo, za kifafa, za kipandauso, kwa kupima mgonjwa kwa mgonjwa. Na kwa nini hasa hutokea, wataalamu bado wanajadili: wanaangalia mishipa midogo ya damu iliyochoshwa na mionzi, na seli za ubongo zilizobaki zikishtuka kirahisi.

Je, ndicho alichonacho mdogo wangu? Kwenye karatasi yake kumeandikwa "inawezekana". Daktari alitueleza wazi kwamba jina hili hupewa baada ya mengine kuondolewa: uvimbe wa zamani kurudi, uvimbe mpya uliosababishwa na mionzi yenyewe, mishipa kuziba au kuvuja, maambukizi, kifafa cha kawaida. Baadhi ameshayaondoa, mengine atayaangalia tena na tena. Mwanzoni neno lile lilinikasirisha. Nimesafiri siku nzima kwa pesa za watu nirudi na "inawezekana"? Mama ndiye aliyelipokea vizuri kuliko mimi. Alisema miaka yote hii watu wamempa majibu ya uhakika, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Nimekaa sana na jambo jingine ambalo bahasha ile ilifungua, na hili linaniuma mimi binafsi.

Daktari aliagiza damu ipimwe homoni. Tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kwa kusuasua. Mionzi ya kichwa na mgongo inaweza kuifikia tezi hiyo yenyewe, na inaweza pia kuidhoofisha tezi mama iliyo chini ya ubongo inayoiamuru. Alianzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Mtu aliyekuwa analala kwa muda wa saa kumi na mbili na kuamka amechoka, anayevaa sweta Kigoma mwezi wa kumi, baada ya wiki chache alianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Miaka mingapi nilimwita mvivu? Nimejaribu kuhesabu, nimeacha.

Alikuwa mfupi, kiwiliwili kifupi kuliko miguu, na tulisema amefuata kwa bibi. Mgongo uliopigwa mionzi utotoni haukui kama wengine. Alikuwa hasikii simu ikiita chumba cha pili, tukasema anapuuza. Sisplatini huharibu masikio, na huanza na sauti nyembamba za juu. Mimi ni mwalimu. Wakati nasoma chuo cha ualimu nilimfundisha nyumbani jioni, anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Alikuwa anaelewa. Ukimpa muda, jibu linakuja na linakuja sahihi. Lakini alikuwa anachelewa kuandika, anachelewa kunakili, swali la tatu wenzake wako la kumi. Nilimnyang'anya kalamu nikampigia saa. Nilimwandikisha mstari mmoja mara hamsini ili mkono uzoee. Ubongo wa mtoto uliopata mionzi mara nyingi hupungua kasi ya kuchakata mambo wakati akili yenyewe ipo. Alihitaji muda zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika saa.

Nilimwomba radhi mwaka huu. Alisema hakumbuki. Najua anakumbuka, kwa sababu alisema haraka.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, lengo likiwa ifikapo 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wapone kote duniani. Naomba Mungu wafikie. Lakini kila nikisoma lengo hilo nawaza kijana wa Kasulu au Uvinza, amepona, ameoa, analima, na siku moja akiwa shambani jembe linamponyoka na kila kitu kinakuwa neno moja. Atapelekwa zahanati ya karibu. Atakayempokea atakuwa na dakika chache, foleni nje, na kipimo cha malaria mkononi. Huyo muuguzi hatawaza mionzi ya miaka kumi na tano iliyopita asipoambiwa. Aliyeambatana na mgonjwa ndiye anayepaswa kusema, hata asipoulizwa, na kusema mwanzo kabisa, kabla ya homa na kabla ya kichwa: huyu alitibiwa uvimbe wa ubongo utotoni, alichomwa mionzi kichwani, mwaka fulani, kiasi fulani, karatasi hizi hapa. Kama karatasi zimepotea, hospitali iliyotibu huweza kuwa na jalada. Namba ya jalada peke yake ni mali. Na kama mtoto wako anatibiwa sasa hivi, usitoke wodini siku ya mwisho bila karatasi yenye kiasi cha mionzi na majina ya dripu. Nakili nne. Piga picha kwa simu, tuma kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mtu yeyote ambaye nyumba yake haiko karibu na maji.

Dua hatujaziacha. Shehe mmoja wa wale wawili, aliposikia habari ya mionzi, alimwambia Mama kwamba asingemletea kombe peke yake kama angejua, angemwambia wende hospitali wakati huo huo. Aliumia kwamba hakuambiwa. Nadhani tulikosea hata kwake.

Mama bado jina la ugonjwa linamshinda kidogo. Mwezi uliopita kliniki, mama mmoja wa Kakonko aliyempakata mtoto mwenye bandeji kichwani alimuuliza, wako naye ana nini? Nilikuwa nimekaa kati yao. Nilimwona Mama akifunga mdomo, akafungua, akafunga. Kisha akamgusa yule mama gotini, akasema, "Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Ulikuwa saratani." Akamwonyesha bahasha. Wakaisoma pamoja mstari kwa mstari, na Mama, ambaye hajasoma zaidi ya darasa la nne, akawa anamweleza grei ni nini.

Tangu Machi hajapata shambulio kubwa. Mara mbili ameona vimulimuli, vikaisha ndani ya saa moja, akaviandika kwenye simu pamoja na saa vilipoanza. Amerudi Kibirizi. Mkono wa kulia umerudi karibu wote, ila uzi mwembamba wa waya bado unamsumbua.

Mimi kila nikipita mwaloni asubuhi nikienda shule, namwendea kwa upande wa kulia, kimya, nasimama hatua mbili nyuma kidogo ya bega lake, naonyesha vidole.

"Vingapi?"

Leo hakugeuza hata kichwa. Alikuwa ameinamia taa ya sola iliyofunguliwa, skrubu mdomoni.

"Vitatu. Na umesimama kwenye mwanga wangu, dada, sogea."